Kabla Panga Halijagusa Mti: Namna ya Kuomba Kibali cha Kupogoa au Kukata Mti Jijini Tanga

Kila masika inapokaribia, maswali huwa ni yale yale. Mti uko ndani ya uzio wangu, kwa nini niombe ruhusa? Mwenyekiti wa mtaa amenikubalia kwa mdomo, je, haitoshi? Matawi ya mkungu wa jirani yanaangukia bati langu, naweza kuyakata bila kumwambia? Mwongozo huu ni wa mkazi wa Tanga ambaye hajawahi kuomba kibali cha mti, na ambaye hataki kuanza kazi Jumamosi asubuhi kisha asimamishwe saa nne huku nusu ya mti ikiwa chini na nusu ikining'inia juu ya paa. Mkazi wa Bagamoyo anaweza kuufuata pia, ila barua yake ataipeleka kwa Halmashauri ya Wilaya ya Bagamoyo. Kama nyumba yake iko Mji Mkongwe, awaulize vilevile wasimamizi wa mambo ya kale.

Sheria ni kadhaa, nazo hugusana. Sheria ya Misitu Na. 14 ya mwaka 2002 inahusu miti iliyohifadhiwa na mazao ya misitu. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira Na. 20 ya mwaka 2004 inakataza, ndani ya mita 60 kutoka ufukweni au ukingo wa mto, shughuli za kudumu zinazoweza kuharibu mazingira ya eneo hilo. Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Miji) Na. 8 ya mwaka 1982 inaipa halmashauri uwezo wa kutunga sheria ndogo, na katika sheria ndogo ndimo utakamokuta ada na faini za mahali ulipo. Huhitaji kuzikariri. Unachohitaji ni kujua kwamba kumiliki kiwanja si sawa na kuwa na uhuru wa kufanya lolote juu ya kila kilichoota ndani yake.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Kitambulisho cha Taifa au namba yake.
- Uthibitisho wa umiliki au ukaaji: hati miliki, ofa, leseni ya makazi au mkataba wa pango. Mpangaji anahitaji pia barua ya mwenye nyumba.
- Futi kamba ya fundi na simu inayopiga picha vizuri.
- Nakala tatu za barua ya maombi.
- Muda. Usiombe kibali leo kwa kazi ya kesho. Anza wiki kadhaa kabla, na ikiwezekana kabla ya mwezi Machi, mvua kubwa za masika zisije zikakukuta bado unasubiri.

Hatua kwa hatua

1. Jua mti umesimama kwenye ardhi ya nani. Hii ndiyo hatua inayorukwa na wengi, na ndiyo inayozaa kesi nyingi. Mti ulio mbele ya nyumba yako, nje ya mpaka wa kiwanja, si wako, hata kama baba yako ndiye aliyeupanda na wewe ndiye uliyeumwagilia. Ukiwa kwenye hifadhi ya barabara za mitaa, kwa mfano zile barabara za namba za Ngamiani, pamoja na Jiji utawahusisha TARURA, wakala ulioanza kazi mwaka 2017. Ukiwa kando ya barabara kuu au ya mkoa, kama ile ya kwenda Segera, Horohoro au Pangani, msimamizi ni TANROADS. Mti wa shule, zahanati au bustani ya umma una taasisi yake, na barua lazima itoke kwa mkuu wa taasisi hiyo, si kwa mzazi au mgonjwa aliyekerwa na majani makavu. Mti wa makaburini au wa kiwanja cha wakfu una wasimamizi wake. Magofu ya Tongoni ni eneo la mambo ya kale, kwa hiyo usiguse hata kichaka bila idhini ya wanaolitunza.

Kama hujui mpaka wako unaishia wapi, tafuta mawe ya mpaka kwanza. Uzio si ushahidi, kwani watu wengi mjini wamejenga uzio ukaingia kwenye hifadhi ya barabara.

2. Itambue aina ya mti. Miti mingi ya nyumbani Tanga ni mwarobaini, mwembe, mkungu, mjohoro, mzambarau, mwashoki na mnazi, na maombi yake kwa kawaida huishia halmashauri. Mambo hubadilika ukikuta mvule, mninga au mpingo. Hii ni miongoni mwa miti iliyohifadhiwa kisheria, na kuikata kunahitaji leseni inayopitia Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, yaani TFS. Mikoko nayo iko chini ya TFS; usidhani kwamba kwa sababu imeota matopeni nyuma ya kiwanja chako, basi ni kuni za bure. Kama huna hakika na aina ya mti, chukua tawi dogo lenye majani, na maua au matunda kama yapo, umpelekee afisa misitu.

3. Jiulize kama kweli unahitaji kukata. Kupogoa ni kuondoa baadhi ya matawi na kuuacha mti uishi. Kukata ni kuuondoa kuanzia shinani. Maombi mengi ya kukata yanaweza kumalizwa kwa kupogoa. Majani yanayoziba mfereji wa bati, tawi linalogonga dirisha, kivuli kizito juu ya kamba ya nguo: haya yote ni ya kupogoa. Katika mji wenye joto la pwani kama Tanga, mwembe wa miaka 40 ulio upande wa magharibi wa nyumba unakukinga na jua la alasiri, na ukishauondoa hutaupata tena maishani mwako.

Sababu za kweli za kukata ni chache: mti umekufa, umeoza ndani, umeinama na udongo wa upande mmoja umeanza kuinuka, au mizizi yake imepasua msingi na fundi wa ujenzi amethibitisha hivyo. Ili kupima uozo, gonga shina kwa mgongo wa panga, kuanzia usawa wa kiuno hadi chini. Shina zima hutoa mlio mzito na mkavu. Shina lenye uwazi husikika kama ngoma. Tazama pia kama kuna uyoga kwenye kitako cha shina, unga wa mbao chini yake, au njia za udongo za mchwa. Dalili moja peke yake haitoshi kuuhukumu mti. Mibuyu mikongwe, kwa mfano, huwa na uwazi ndani na bado husimama vizazi na vizazi bila kutetereka.

4. Pima na upige picha. Pima mzingo wa shina kwenye usawa wa kifua, yaani mita 1.3 kutoka ardhini. Kisha piga picha tatu zisizokosekana: ya mti mzima huku mtu amesimama kando ya shina ili ukubwa uonekane, ya tatizo lenyewe kwa karibu, kama ni ufa, uozo au tawi lililolalia paa, na ya mazingira, ikionyesha umbali wa nyumba, barabara na nyaya za umeme. Picha zipigwe kabla ya kugusa chochote. Afisa akikuta matawi yameshakatwa, hoja yako ya hatari imepoteza ushahidi wake.

5. Zungumza na wanaohusika. Jirani ambaye mti utaangukia upande wake anapaswa kujua kabla ya afisa. Nyumba ya urithi ambayo mirathi yake haijagawanywa haina mtu mmoja wa kuiamulia. Pata sahihi za warithi au barua ya msimamizi wa mirathi. Nimeona ombi lililokamilika likisimama kwa miezi kwa sababu dada mmoja aliyekuwa Muheza hakuambiwa, naye alikuwa na kila haki ya kukasirika.

6. Andika barua. Barua fupi iliyo wazi husaidia kuliko kurasa tatu za malalamiko. Mfano (K.K. maana yake ni "kupitia kwa"):

> Jina lako
> Mtaa na kata
> Tarehe
>
> Mkurugenzi wa Jiji,
> Halmashauri ya Jiji la Tanga.
>
> K.K. Afisa Mtendaji wa Kata
> K.K. Afisa Mtendaji wa Mtaa
>
> YAH: MAOMBI YA KIBALI CHA KUPOGOA MWEMBE MMOJA
>
> Husika na kichwa cha habari hapo juu.
>
> Mimi ni mmiliki wa kiwanja kilichotajwa katika hati niliyoambatisha. Ndani ya kiwanja hicho kuna mwembe mmoja wenye mzingo wa mita 2.1 kwenye usawa wa kifua. Matawi mawili ya upande wa kusini yamelalia paa, na moja limepasuka kwenye maungio. Naomba kibali cha kuondoa matawi hayo mawili. Mti wenyewe utabaki.
>
> Naambatisha nakala ya hati, picha tatu na maelezo ya jirani wa upande wa kusini.
>
> Jina, sahihi na namba ya simu

Taja idadi ya miti na matawi. Ukiandika "miti iliyopo uani", umemwachia afisa nafasi ya kukataa na umemwachia fundi nafasi ya kuzidisha. Usiandike "kupunguza" kama nia yako ni kukata. Afisa atafika na ataona.

7. Ipitishe barua kwa ngazi zake. Anza kwa mtendaji wa mtaa, kisha wa kata, kila mmoja aandike maoni, asaini na kugonga mhuri, ndipo uende ofisi za Jiji. Saa za kazi serikalini ni kuanzia saa 1:30 asubuhi hadi saa 9:30 alasiri, nenda asubuhi. Barua ikabidhi masijala, si kwa mtu uliyekutana naye kwenye korido, na uondoke na nakala yako ikiwa imegongwa mhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Nakala hiyo ndiyo itakayokutetea ukiambiwa kwamba faili halionekani.

Hapa niseme wazi kuhusu ruhusa ya mdomo. Mwenyekiti wa mtaa ni kiongozi wa kuheshimiwa na maoni yake yana uzito, lakini neno lake si kibali. Likitokea tatizo, yeye hatasimama kizimbani badala yako.

8. Jiandae kwa ukaguzi. Afisa misitu au afisa mazingira wa Jiji atakuja kuuona mti. Uwepo mwenyewe, au mtu mzima anayejua suala lote. Mwonyeshe mpaka, nyaya na uharibifu. Akipendekeza kupogoa badala ya kukata, msikilize na umuulize matawi yapi hasa. Ikiwezekana ayawekee alama ya rangi palepale.

9. Lipa kwa njia rasmi na ukisome kibali chote. Kama kuna ada, utapewa kontroli namba, nawe utalipa benki au kwa simu na kupata stakabadhi. Malipo ya mkononi yasiyo na stakabadhi usiyakubali, hata ukiahidiwa kwamba kazi itakwenda haraka. Kwenye kibali angalia mambo manne: idadi na aina ya miti, kitendo kilichoruhusiwa, muda wa kibali, na masharti, kama vile kupanda mti mwingine. Kibali cha kupogoa hakikuruhusu kukata. Kibali kilichopita muda hakina kazi, rudi ukaombe kingine.

10. Kama kuna nyaya, waite TANESCO kabla ya fundi. Tawi bichi hupitisha umeme, na ngazi ya chuma ni hatari zaidi. Usimpandishe kijana na panga kwenye mti uliogusana na waya kwa sababu tu amekubali elfu kumi. Toa taarifa ofisi ya TANESCO, wafike kulikagua eneo, wazime laini kama inahitajika au waondoe wenyewe yale matawi yaliyo karibu na nyaya.

11. Chagua fundi na siku. Muulize fundi kazi zake zilizopita na ukazitazame. Awe na kamba, kofia ngumu na mtu wa kusimama chini. Chenso juu ya ngazi ni marufuku katika kazi yoyote yenye akili. Kagua viota, mizinga ya nyuki na popo siku moja kabla. Nyuki wakiwepo, mwite mfugaji nyuki awahamishe, usichome moto. Mwembe upogolewe mavuno yakishakwisha. Siku za upepo mkali wa kusi ahirisha. Kama tawi linaweza kuangukia barabara, kubaliana mapema na mamlaka ya barabara na polisi namna ya kuzuia magari na bodaboda.

12. Kata kwa mikato mitatu. Simama karibu umwelekeze fundi, kwa sababu hapa ndipo miti mingi huharibiwa kwa kibali halali kabisa mkononi.

Mkato wa kwanza uwe wa chini ya tawi, kama sentimita 30 kutoka kwenye shina, ukiingia karibu theluthi moja ya unene. Mkato wa pili uwe wa juu, sentimita chache nje ya ule wa kwanza, hadi tawi lianguke. Kwa namna hii uzito wa tawi hautachuna gome la shina kuelekea chini. Mkato wa tatu uondoe kisiki kilichobaki, nje kidogo ya ule uvimbe wenye mikunjo ambapo tawi huungana na shina. Usiuguse uvimbe huo, kwa maana ndipo mti unapoanzia kufunga jeraha lake. Usiache pia kisiki kirefu kama cha kutundikia kapu; kitaoza na uozo utaingia ndani.

Usipake jeraha rangi wala oili chafu. Usiondoe zaidi ya robo ya matawi yenye majani kwa mwaka mmoja. Na usikubali mti ukatwe kichwa. Mwarobaini au mjohoro uliokatwa kichwa huonekana nadhifu kwa miezi michache, kisha huchipua fimbo nyingi zilizoshikilia juujuu, na miaka michache baadaye zinaanza kuanguka moja moja juu ya bati lile lile ulilotaka kulilinda.

Weka nakala ya kibali pale pale kazini, siyo ndani kabatini.

13. Ondoa mabaki na utimize sharti la kupanda. Matawi yasiachwe kwenye mtaro. Mvua moja inatosha kuingiza maji sebuleni kwa jirani. Ukitaka kusafirisha magogo, mbao au mkaa kwenda nje ya eneo lako, uliza TFS kuhusu hati ya kusafirishia mazao ya misitu kabla gari halijapakia. Mti wa kufidia upande mvua zikianza. Siku ya Taifa ya Kupanda Miti, tarehe 1 Aprili, huangukia wakati mzuri kwa huku pwani. Chimba shimo mbali na msingi, bomba na waya, ili anayekuja baada yako asilazimike kuandika barua kama yako.

Makosa yanayoonekana kila mara

Kosa baya kuliko yote ni kuua mti kimyakimya: kukoboa gome kuzunguka shina, kumwaga maji ya chumvi au oili kwenye mizizi, kuchoma taka kitakoni, kisha kuomba kibali kwa madai kwamba mti umekufa wenyewe. Afisa mzoefu huona alama hizo bila shida. Zaidi ya hapo, mti uliouawa hivyo hukauka umesimama, na matawi yake makavu huwaangukia watoto wanaopita kwenda shule.

Makosa mengine ni kutumia kibali cha mti mmoja kwa miti miwili, kumwachia fundi kuni kama malipo (atakata zaidi ili apate zaidi), na kuona kwamba mti wa mnazi "si mti" kwa hiyo hauhitaji kuulizia.

Mambo yakikwama

*Barua haijajibiwa.* Rudi masijala na nakala yenye mhuri, uulize faili liko kwa nani. Zikipita wiki mbili, andika barua fupi ya kukumbushia ukitaja tarehe ya kwanza. Ukimya si ruhusa.

*Ombi limekataliwa.* Omba sababu kwa maandishi. Mara nyingi kilichokataliwa ni kukata, na ombi jipya la kupogoa matawi yaliyotajwa hupita.

*Jirani anakataa kupogoa mti wake unaoharibu paa lako.* Mwandikie barua ya heshima na umpe nakala ya picha, kisha mkae mbele ya mtendaji wa mtaa. Ikishindikana, Baraza la Kata ni la kusuluhisha. Tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021 halitoi tena hukumu katika migogoro ya ardhi, na siku 30 zikipita bila suluhu unaweza kwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Usipande ukutani usiku na msumeno.

*Mti umeanguka au unaanguka sasa hivi.* Watoe watu kwanza. Piga 114, Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, na uwajulishe TANESCO kama nyaya zimehusika; waya ulio chini uchukuliwe kuwa una umeme hadi wao waseme vinginevyo. Mpigie mtendaji wa mtaa, piga picha, kisha ondoa kile tu kinachozuia uokoaji au njia. Barua ya taarifa ifuate siku ya kazi inayofuata.

*Umesimamishwa kazini na una kibali.* Acha kazi, onyesha kibali na stakabadhi, na uombe jina na ofisi ya aliyekusimamisha. Mpigie afisa aliyekagua. Usibishane huku chenso inaunguruma.

*Unaona mti wa barabarani au wa bustani ya umma unakatwa.* Uliza kwa upole kuonyeshwa kibali. Halmashauri, TARURA na TANESCO nao hukata kihalali, na msimamizi wa kazi hizo huwa na karatasi. Kama hakuna karatasi, usipigane na mafundi waliokodiwa. Piga picha ukiwa mbali, mjulishe mtendaji wa mtaa na ofisi ya maliasili na mazingira ya Jiji mara moja, na uandike saa, mahali na namba ya gari linalobeba magogo, kwa sababu mti ukishaondolewa hayo ndiyo yatakayomwezesha afisa kuanza kufuatilia.